Colito, 19 Mei 1941: watu wanne, nishani moja

Tarehe 15 Novemba 1945, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilitangaza kwamba Sajini Nigel Gray Leakey wa kikosi cha 1/6 cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, ametunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimemalizika miezi michache tu kabla. Leakey mwenyewe alikuwa ameuawa miaka minne na nusu nyuma, akiwa na umri wa miaka 28, mahali paitwapo Colito, karibu na mto Bilate kusini mwa Ethiopia. Maelezo ya nishani yake ni mafupi, yanasomeka kwa dakika mbili. Lakini humo ndani mna maneno ambayo msomaji wa haraka huyaruka: baada ya kukiteka kifaru cha kwanza, Leakey alivinyemelea vingine akiwa pamoja na sajini meja mmoja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili.

Wanne waliviendea vifaru. Gazeti limetaja jina la mmoja.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa polepole, kwa sababu kimetokea kuwa na mkia mrefu kuliko kilivyokusudiwa. Mkia huo unafika Nyeri, unafika Dar es Salaam, na ukipita Barabara ya Bagamoyo leo unaupita bila kujua. Niseme mapema pia kwamba sina nia ya kumpunguzia Leakey chochote. Alichokifanya siku ile wachache wangekithubutu. Ninachokitafuta ni namna ushujaa unavyotoka uwanja wa vita na kufika kwenye karatasi, na nani anadondoka njiani.

Tuanze na vita vyenyewe. Italia iliingia vitani Juni 1940, na kwa kuwa ilikuwa imeikalia Ethiopia tangu 1936, Kenya ikajikuta ina adui mpakani. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyokuwa chini ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka Kenya, yakaichukua Kismayu tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25, kisha yakapanda nyanda za juu hadi Addis Ababa, yakaingia mjini tarehe 6 Aprili. Tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipouteka. Wengi wakisimulia vita hivi huishia hapo, mfalme amerudi na bendera imepandishwa. Ukweli ni kwamba Waitalia walikuwa bado na maelfu ya wanajeshi Gondar, Amba Alagi, na katika ukanda wa maziwa kusini mwa mji mkuu. Huko kusini ndiko walikopelekwa askari wa Afrika Mashariki, wakati wa mvua, barabara zikiwa tope tupu na kila mto umefurika.

Kikosi cha 1/6 kilikuwa cha Tanganyika. Asili yake nayo ni kisa kando: batalioni ya sita ya Keya ilipoundwa upya katika Vita vya Kwanza, wengi wa askari wake walikuwa wamewatumikia Wajerumani kabla ya kutekwa. Yaani baba alimpigania Kaiser, mwana akampigania Mfalme George, na wote wawili walipanga mstari katika ardhi ileile. Mwaka 1941 hakukuwa na Mwafrika hata mmoja wa Keya aliyekuwa afisa. Cheo cha juu kabisa ambacho askari angeweza kukifikia kilikuwa usajini meja. Juu yake walikuwa maafisa Waingereza, na pembeni yake, katika mpangilio uliozidi kupanuka wakati wa vita, masajini wa Kizungu, wengi wao wana wa walowezi wa Kenya. Leakey alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Kiganjo, karibu na Nyeri, tarehe 1 Januari 1913, katika ukoo uleule wa Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale wa Olduvai.

Mambo yalivyokwenda Colito yanajulikana vizuri kwa sababu ya nishani yenyewe. Kombania mbili za 1/6 zilikuwa zimeshauvuka mto Bilate chini ya upinzani mkali na zilikuwa zimejishikiza ng'ambo, sehemu finyu, nyuma yao maji. Hapo ndipo Waitalia waliporudisha mapigo kwa ghafla, wakitumia vifaru vya kati na vyepesi. Kifaru cha kati walichokuwa nacho Waitalia Afrika Mashariki kilikuwa M11/39, tani kumi na moja, watu watatu ndani, mzinga wa milimita 37 mbele na bunduki za rasharasha kwenye mnara wa juu. Katika vita vya Ulaya au jangwani Libya kifaru hicho kilikuwa kimeshapitwa na wakati. Kwa askari wa miguu aliyeshika bunduki ya kawaida ukingoni mwa mto uliofurika, kilikuwa chuma kisichopenyeka.

Kifaru kimoja kilizunguka kikatokea nyuma ya askari. Leakey alikirukia, mbele ya macho ya adui na chini ya risasi za askari wao wa miguu. Akahangaika na mfuniko wa mnara mpaka ukafunguka, akampiga kamanda risasi, akawaua waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akamlazimisha dereva huyo akiendeshe hadi mahali penye kificho. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile dhidi ya vifaru vingine, ukakataa kufyatuka. Akashuka, akapaza sauti kwamba atawaendea kwa miguu, akakimbia katikati ya uwanja uliokuwa ukifagiliwa na rasharasha na mizinga. Ni hapo walipoungana wanne: yeye, sajini meja, na askari wawili. Vifaru viwili vya mwanzo viliwapita. Leakey akakirukia cha tatu, akakifungua, akamuua mmoja wa waliokuwemo. Kifaru cha nne kikammiminia risasi na kumwangusha.

Maelezo ya nishani yanamalizia kwa kusema kwamba kitendo chake kiliwatia moyo askari waliokishuhudia, wakaendelea kupigana kwa ari mpya. Mji wa Soddu ulianguka siku tatu baadaye.

Sasa tusome tena, tukiwatazama wale watatu. Wao hawakuwa watazamaji waliotiwa moyo kwa mbali. Walikuwa katika uwanja uleule, wakielekea chuma kilekile, tena wakijua alichojua Leakey: kwamba bunduki mkononi haitatoboa. Na tofauti na yeye, hawakuwa wamekwisha kuonja ushindi wa kifaru cha kwanza. Sajini meja Mwafrika wa wakati ule alikuwa mtu wa miaka mingi jeshini, mara nyingi mwenye uzoefu kuliko vijana wa Kizungu waliopewa vyeo vita vilipoanza. Mtu wa namna hiyo hafuati tu upepo. Anapoinuka kwenda kwenye kifaru, kombania nzima inaona sajini meja ameinuka, na hilo nalo ni agizo. Ningethubutu kusema kwamba kwa askari wa Tanganyika waliolala kwenye tope lile, mgongo wa sajini meja wao ulikuwa na uzito sawa na wa sajini Mzungu, kama haukuzidi. Huo ni mtazamo wangu. Maelezo ya nishani hayana nafasi ya kuuthibitisha wala kuukanusha, kwa kuwa yaliandikwa kumhusu mtu mmoja.

Na hapa kuna haki ya kuwafanyia walioyaandika. Hawakuwaficha wale watatu. Wangeweza kuandika kwamba Leakey alikwenda peke yake; kingekuwa kisa kinachong'aa zaidi, na hakuna ambaye angewauliza. Waliandika kweli: alikuwa na sajini meja na askari wawili. Lakini karatasi ya nishani ina kazi moja, kumthibitisha mtu mmoja. Kamanda wa kikosi huandika pendekezo, mashahidi hutoa maelezo yao, karatasi hupanda kutoka brigedi hadi divisheni, kutoka divisheni hadi makao makuu, hadi London, hadi mezani kwa mfalme. Katika kila ngazi hukatwa maneno yasiyomhusu anayependekezwa. Majina ya waliosimama naye ni ya kwanza kukatwa, na hubaki vyeo vyao, kwa sababu vyeo vinasaidia kueleza mazingira. Mfumo huo ungemfanyia hivyohivyo koplo Mwingereza wa Yorkshire aliyekuwa pembeni ya shujaa huko Ufaransa.

Ila koplo wa Yorkshire siku nyingine angeweza kuwa yeye mwenye karatasi. Hilo ndilo linaloifanya Colito kuwa tofauti. Katika Vita vya Pili vya Dunia Misalaba ya Victoria 182 ilitolewa. Hakuna askari mweusi wa Keya aliyeupata hata mmoja, wala katika Vita vya Kwanza hakuwapo. Kisheria hapakuwa na ukuta: masharti ya nishani yalikuwa yamekwisha kupanuliwa kufikia majeshi ya dola nzima. Lakini jeshi la Keya lilikuwa na ngazi yake kando. Kwa miongo kadhaa askari alikuwa na nishani yake ya utumishi bora, DCM ya Keya, iliyosimama pembeni ya DCM ya jeshi la Uingereza. Afisa aliyeona askari wake amefanya jambo kubwa alikuwa na kabati lililokwisha kuandikwa "hii ndiyo ya kwao", na mkono wake ulikwenda kwenye kabati hilo bila hata kufikiri.

Kuna wanaosema tatizo lilikuwa rangi tu, basi. Nadhani kampeni hiyohiyo ya Afrika Mashariki inatupa jibu lenye pembe zaidi. Ndani yake na katika mapigano yaliyoitangulia Somaliland, Misalaba ya Victoria minne ilitolewa. Mmoja ni huu wa Leakey. Mwingine ni wa Kapteni Eric Wilson, aliyepigana Somaliland Agosti 1940 akadhaniwa amekufa, nishani ikatangazwa kana kwamba ni ya marehemu, kumbe yu hai mikononi mwa Waitalia. (Huyu baada ya vita alikuja kufanya kazi ya utawala hapa Tanganyika hadi uhuru, kuna wazee waliolipa kodi mbele ya mtu mwenye Msalaba wa Victoria bila kujua.) Miwili iliyobaki ni ya Wahindi: Luteni Premindra Singh Bhagat, aliyetegua mabomu ya ardhini siku kadhaa mfululizo njia ya kutoka Gallabat, mpakani mwa Sudan na Ethiopia, na Subedari Richhpal Ram, aliyeuawa Keren, Eritrea, Februari 1941. Majina kamili, vyeo kamili.

Kwa nini Richhpal Ram ana jina na sajini meja wa Colito hana? Wote wawili walikuwa watu weusi machoni pa dola, wote wa makoloni, wote chini ya maafisa wa Kizungu. Jibu naliona katika mambo mawili. Jeshi la India lilikuwa limekubaliwa kwenye Msalaba wa Victoria tangu 1911, kwa hiyo kufikia 1941 kulikuwa na kizazi kizima cha makamanda waliozoea kuandika mapendekezo ya aina hiyo kwa Wahindi. La pili, subedari alikuwa na hadhi ya afisa, ya chini ya ile ya Mwingereza lakini ya afisa hata hivyo, na aliongoza watu wake kwa amri yake. Siku kamanda wa kombania yake alipojeruhiwa, Richhpal Ram alishika uongozi, na kila mtu aliyeandika alilazimika kumtaja kwa jina kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiongoza. Keya ilipanga mambo kwa namna ambayo Mwafrika asiwe mwongozaji wa tukio. Karibu naye daima kulikuwa na Mzungu wa cheo fulani, na palipo na Mzungu ndipo kalamu iliposimama. Kwa hiyo chuki ya rangi ilifanya kazi yake, lakini haikuifanya kwa afisa mmoja mbaya kukaa chini na kufuta jina. Ilishafanya kazi zamani, katika muundo wa kikosi, kabla hata ya risasi ya kwanza.

Na kifo cha Leakey nacho kilichangia, ingawa kusema hivi kunauma kidogo. Shujaa anayebaki hai huulizwa maswali. Huhojiwa, hualikwa shuleni, huandika barua, na mara nyingi ndiye wa kwanza kusema "sikuwa peke yangu, alikuwapo fulani na fulani". Leakey hakupata nafasi hiyo. Aliyekuwa akiwajua wale watatu kwa majina yao, aliyewaita, au waliyemwita wao, alikufa palepale, na yaliyobaki yakaandikwa na watu waliokuwa wakitazama kutoka mbali.

Kaburi lake halijulikani. Jina lake limeandikwa kwenye Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, ambako wameorodheshwa wanajeshi wa kampeni ile ambao hawana kaburi. Jambo linalofaa kusemwa kwa haki ni kwamba katika vita hivi vya pili majina ya askari Waafrika pia yalichongwa. Vita vya Kwanza ndivyo vilivyokuwa na aibu kubwa: askari na wapagazi waliokufa kwa maelfu waliachiwa sanamu badala ya majina. Ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ina maandishi yanayomwahidi anayekufa kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, na juu yake kasimama mtu wa shaba asiye na jina. Waliojenga hawakuona kinaya.

Nyeri, jina la Leakey lina ladha nyingine. Oktoba 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, wapiganaji walimchukua baba yake, Gray Leakey, kutoka shambani kwake na kumuua. Mzee huyo alikijua Kikuyu vizuri na aliishi na majirani zake kwa miaka mingi. Upande wa pili wa vita hivyo alikuwapo mtu mwingine wa Nyeri aliyevaa sare ya Keya: Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyepigana Burma na kurudi na maswali ambayo serikali ya kikoloni haikuwa na majibu yake. Sajini Mzungu wa Kiganjo aliyekufa kwa ajili ya dola, na koplo Mkikuyu aliyejifunza vita katika jeshi la dola ileile kisha akaigeuzia silaha. Ukitaka kumkumbuka mmoja Nyeri, huwezi kukwepa kuulizwa kuhusu mwingine. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyejaribu kwa nguvu.

Lakini mkia mrefu zaidi uko Dar es Salaam. Waingereza walipojenga kambi ya batalioni ya sita nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Bagamoyo, waliiita Colito. Ilikuwa desturi ya jeshi kuipa kambi jina la pigano ambalo kikosi kinajivunia. Ya Tabora iliitwa Kalewa, mji wa Burma uliotekwa na divisheni ya Afrika Mashariki Desemba 1944. Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru, batalioni ile ikabadilika jina kuwa Tanganyika Rifles, na askari wake wakaendelea kulala, kula na kupanga gwaride chini ya jina la mahali pa mbali ambako baba zao walikutana na vifaru. Maafisa wengi walikuwa bado Waingereza. Mishahara ilikuwa midogo.

Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Waliwakamata maafisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakadai nyongeza ya mshahara na maafisa Waafrika. Uasi ukaenea Tabora, na majirani Uganda na Kenya nao wakaonja. Tarehe 25 makomando wa majini wa Uingereza waliokuwa kwenye meli ya HMS Centaur waliteremshwa kwa helikopta kwenye kambi ya Colito na kuuzima. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba kuomba msaada kwa mkoloni wa jana ilikuwa fedheha kwa nchi. Jeshi zima likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Kambi ikapata jina jipya: Lugalo.

Kila mkazi wa Dar anaijua Lugalo, angalau kwa hospitali yake na kwa foleni ya magari. Jina limetoka Uhehe, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski na kuumaliza, Zelewski mwenyewe akiwemo. Ni ushindi mkubwa wa Waafrika dhidi ya ukoloni wa Kijerumani, na kama jina la kambi ya jeshi la nchi huru sioni ambalo lingefaa zaidi. Hata hivyo tusimame hapo kidogo. Wengi wa waliokufa upande wa Zelewski siku ile walikuwa askari Waafrika, waliovaa sare ya mkoloni na kupokea mshahara wa mkoloni. Kambi ya askari iliacha jina la mahali ambapo askari wa sare ya mkoloni walishinda, ikachukua jina la mahali walipofutwa. Mwaka 1964 hilo lilikuwa na maana kamili: jeshi jipya lilitaka kutangaza kwamba halitokani na Keya, linatokana na Mkwawa. Na jina Colito lilikuwa limeshachafuka, si kwa sababu ya Bilate bali kwa sababu ya Januari. Mtu akilitamka, aliyemsikiliza alikumbuka uasi, hakumkumbuka Leakey wala sajini meja.

Naelewa uamuzi ule na nisingeugeuza. Kuna kitu kimoja tu ninachokiona tulikipoteza nao, na hakitajwi. Colito ilikuwa ushindi wa askari wa Tanganyika katika vita vya kuikomboa nchi ya Afrika kutoka kwa mkoloni Mfashisti. Ukiondoa bendera ya Mfalme George, kilichobaki ni vijana kutoka huku kwetu waliovuka mto uliofurika, wakasimama mbele ya vifaru, na kuwasukuma Waitalia nje ya Ethiopia, nchi ambayo miaka 22 baadaye ingekuwa makao ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Walilipwa na dola, ni kweli. Waliamriwa na dola. Wengine waliandikishwa bila kupenda. Lakini tunapohesabu mchango wa Tanzania katika ukombozi wa bara hili huanza na miaka ya sitini, na Mei 1941 tunaiachia Uingereza, kana kwamba waliokuwa pale walikuwa Waingereza. Kwa njia hiyo sisi nasi tumewafanyia wale watatu kile ambacho gazeti la London liliwafanyia.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaopendekeza kwamba kisa cha Leakey kiachwe kwa Waingereza na jamii ya walowezi, sisi tutafute mashujaa wetu. Mashujaa wetu wamo ndani ya kisa chake. Ukikitupa, unawatupa pamoja naye, kwa sababu maelezo ya nishani yake ndiyo mahali walipoandikwa, hata kama ni kwa cheo tu.

Kuna kazi inayoweza kufanyika. Shajara za vita za vikosi vya Keya zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, na orodha za nishani ndogo zaidi, DCM na MM (Military Medal) za askari, zilichapishwa na London Gazette ileile, kwa jina na kwa namba ya askari. Kombania iliyokuwa na sajini meja tarehe 19 Mei 1941 ilikuwa na karatasi: ya mshahara, ya kupandishwa cheo, ya kustaafu. Batalioni haikufa Colito. Mwaka uliofuata ilikuwa Madagaska. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili wa historia, mwenye subira na nauli, angeweza kuifanya hii kuwa tasnifu yake, na Jeshi la Wananchi lina sababu zote za kumsaidia, kwani wale watatu ni ndugu zake wa damu ya kijeshi hata kama jeshi lenyewe lilizaliwa kwa kukana undugu huo.

Na kabla ya majina kupatikana, kibao kimoja kinaweza kuwekwa ndani ya Lugalo bila kugusa jina la kambi. Kiseme kwamba kambi hii iliwahi kuitwa Colito, kwa ajili ya pigano la mto Bilate, ambako askari wa Tanganyika walipambana na vifaru vya Italia. Kiwataje wanne kama walivyokuwa: Sajini Nigel Leakey, sajini meja wa kombania, askari, askari. Na baada ya kila cheo kati ya vile vitatu vya mwisho, fundi aache nafasi ya kuchonga jina.